Mshona Tatami na Tuta Lililotitia

Hidaka Sumie ana sugu kwenye kiwiko cha kulia, nene na ngumu, na haoni haya kuionyesha. Mshona tatami, ile mikeka minene ya sakafu, huvuta uzi kwa mkono na kuukaza kwa kiwiko, mshono baada ya mshono, siku nzima amepiga magoti. Ukifanya hivyo kwa miaka arobaini na mitano, mwili nao hujitengenezea kifaa chake. Hapa kwetu Yabuse watoto wa shule humwomba agonge ukuta kwa kiwiko hicho wasikie mlio, naye hugonga.

Baba yake, Eikichi, hakujaliwa mtoto wa kiume, na mtaa mzima ukamwambia duka limekwisha. Alimpa binti yake sindano ndefu kuliko kiganja, akamketisha mbele ya tatami. Sumie alikuwa na miaka kumi na minane, na alichokitaka maishani ni kuongoza watalii kwenye basi, amevaa kofia ndogo na glavu nyeupe. Wiki mbili alishona huku akilia. Wiki ya tatu akaanza kushindana na baba yake nani anamaliza kwanza, na hapo akawa amenaswa. Baadaye akatafutiwa mume, aliyehamia kwao na kuchukua jina la Hidaka, kama ilivyo desturi nyumba ikikosa mwana. Mume huyo alikaa miaka sita, kisha akaenda zake Osaka akidai vumbi la mabua linambana kifua.

"Kifua!" husema Sumie mpaka leo. "Kilichombana ni kazi."

Basi akabaki yeye na kazi. Tatami ya zamani ni mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa mpaka unene wa vidole vitatu, yakavishwa uso wa majani laini, na sakafu nzima ya chumba hutandikwa hizo. Ni nzito, mtu mzima akibeba moja peke yake kesho yake haamki. Eikichi alipofariki, Sumie alikuwa na mgongo mmoja tu wa kubebea, na mgongo huo ulishaanza kulalamika. Ndipo zikaja tatami za sponji. Uso ni ule ule, harufu karibu ile ile, lakini ndani sponji ngumu, nyepesi hata bibi kizee anainua kwa mkono mmoja. Hakuna wadudu, hakuna kuvu. Wateja walifurahi, Sumie akafurahi, na kwa miaka thelathini akabadilisha nyumba moja baada ya nyingine, mtaa wote wa chini, hata na hekalu. Nyumba moja tu ndiyo iliyomshinda, ya Mwalimu Kurogi, mjane wa miaka themanini na moja aliyetufundisha hesabu karibu sote. Kila mwaka Sumie alimgongea mlango na kitabu cha sampuli mkononi, na kila mwaka Mwalimu alimjibu kwamba tatami zake alizitandika Eikichi mwenyewe na bado hazijamkosea.

Sasa nieleze habari ya tuta. Mto wetu, Soro, unapita juu ya mtaa wa chini. Nasema juu, maana ukisimama barabarani mvua zikiwa zimekolea, maji yako usawa wa dirisha la ghorofani, na kinachokutenga nayo ni tuta tu. Babu zetu walipoambiwa waliongezee ukuta wa zege walikataa. Walitaka kuuona mto wao. Badala yake walisimamisha juu ya tuta safu ya nguzo fupi za zege zenye mifereji ubavuni, nafasi tupu kati ya nguzo na nguzo, kama fremu za madirisha yasiyo na vioo. Mto ukipanda, kila nyumba inang'oa tatami zake, inazibeba hadi tutani na kuzichomeka kwenye nafasi zile. Mabua yakinywa maji yanavimba, yanabana nguzo, na ukuta unakuwa umepatikana. Mto ukishuka, unazichomoa, unauona tena.

Ni akili hiyo. Ila sisi wajukuu tuliifanya sherehe. Kila Mei, kikosi cha kujitolea cha tuta kilifanya zoezi. Walitoa ghalani tatami saba za mabua, wakazichomeka kwenye nafasi saba zilezile, watu wakapiga makofi, kisha matonge ya wali, achari ya figili na chai. Halafu tatami saba zilirudi ghalani. Miaka arobaini, tatami saba, nafasi saba! Hakuna aliyewahi kubeba ya kwake kutoka nyumbani akaijaribu.

Hakuna isipokuwa mmoja. Miaka kumi na mitano nyuma, asubuhi moja ya Jumapili, Sumie alipeleka tutani tatami moja ya sponji, kwa udadisi tu. Ilikuwa fupi kuliko nafasi kwa upana wa kiganja, maana zile mpya hutengenezwa kwa vipimo vya nyumba za kisasa. Akaitumbukiza mtoni. Ikaelea, ikamtazama, ikaanza safari ya kwenda baharini, akaikimbilia kwa fimbo. Alirudi nayo nyumbani mbiombio kabla watu hawajaamka, akaikausha, na hakumwambia mtu. Angesemaje? Kwamba ameuzia mtaa mzima ukuta unaoelea? Mficha uchi hazai, lakini Sumie alificha, na kila Mei alikula matonge yake ya wali yakimkwama kooni.

Mwaka huo tetemeko lilikuja Aprili, Alhamisi asubuhi, Sumie akiwa kazini. Kwanza sindano zilicheza ndani ya kopo. Kisha sakafu ikaondoka chini ya magoti yake, ikarudi, ikaondoka tena, na rafu ya nyuzi ikamwangukia mgongoni. Vigae vilimwagika kutoka kila paa. Watu wawili walivunjika miguu, hakuna aliyekufa, na sote tukalala shuleni siku tano tukinywa supu ya vibonge vya unga na kuruka kila ardhi ilipojikohoza.

Tulipokwenda kulitazama tuta, hakuna aliyefanya mzaha. Ufa ulipita katikati ya njia ya juu, hatua sitini, mpana kiasi cha kumeza mkono mpaka kwapani. Na mbele ya mtaa wa chini, penye nafasi ishirini na mbili, tuta lilikuwa limetitia kwa shibri mbili. Nguzo za hapo zililegea, moja imeinama huku, nyingine kule. Afisa wa mito alikuja na kofia ngumu, akapima, akainama mara nyingi, akasema ufa utajazwa udongo na kufunikwa turubai, sehemu iliyotitia itawekewa magunia, na matengenezo kamili yatafanywa Oktoba, mvua zikishapita.

"Mheshimiwa," alimwambia Kai, mkuu wa kikosi, ambaye siku za kawaida anauza tambi karibu na stesheni, "usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Tutajenga na ukuta pia," akasema afisa, akainama tena.

Jioni ile Sumie alirudi peke yake na utepe wa kupimia. Alipima nafasi zote ishirini na mbili, chini, juu, na mshazari, akaandika kwenye daftari la kazi kama anavyoandika vyumba vya wateja. Hakuna nafasi mbili zilizolingana. Moja nyembamba chini na pana juu, nyingine kinyume chake. Alikaa kwenye nyasi za tuta na daftari magotini, na moyo ukamwambia: mwambie Kai. Mwambie kesho. Kesho yake alimwambia Kai kwamba nguzo zimeinama, jambo ambalo hata kipofu alilijua, na akaishia hapo.

Mvua za Juni zilianza mapema. Siku ya tatu ya kumwagika bila kupumua, Jumamosi saa nne asubuhi, king'ora kililia. Wazee na watoto wakapandishwa shuleni. Na kipaza sauti cha Kai kikapita mitaani juu ya kijilori chake cha tambi:

"Leteni tatami! Mtaa wa chini, leteni tatami! Kila nyumba ilete mbili! Haraka, jamani, huu si mchezo wa Mei!"

Na watu wakaja! Sumie alisimama juu ya tuta amevaa koti la mvua na buti, akawaona wakimiminika kutoka kila mlango, tatami kichwani, tatami begani, mume mbele mke nyuma. Walikuwa na furaha, kwa kweli. Wengine waliimba. Walikuwa wamengoja siku hii maisha yao yote, siku ya kufanya alichofanya babu, na wote walibeba kwa mkono mmoja. Nyuma yake Soro ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, inabingirisha miti mizima na jokofu la mtu, na ilikuwa imebakiza kiganja kufika mahali tuta lilipotitia.

Wa kwanza kufika alikuwa mwanamke wa duka la maua, Tazaki, na mumewe. Walichomeka yao kwa kishindo cha ushindi. Ikasimama, ikayumba, ikalala ubavu. Tazaki akaisimamisha tena. Upepo ukaipiga, ikalala upande wa pili.

"Mbona inacheza?" akauliza. "Dada Sumie, njoo utuonyeshe, tunaikosea wapi?"

Sumie alifungua mdomo. Aliwaona sitini, sabini wamepanga mstari na vyumba vyao vichwani, kila kimoja amekitandika yeye, na akaona kwamba wakiendelea kumwamini kwa dakika kumi zaidi, maji yatawakuta wamesimama hapo hapo wakichomeka. Akapiga moyo konde. Akampokonya Kai kipaza sauti.

"Haziwezi!" Sauti ilimtoka kali mpaka ikapiga mluzi. "Hizo za sponji haziwezi! Fupi, na zinaelea! Nilijua! Nimejua miaka kumi na mitano, nikanyamaza! Zitupeni!"

Mstari mzima ukasimama.

"Ulijua?" akasema Tazaki polepole. "Si wewe uliyekaa sebuleni kwangu, ukanywa chai yangu, ukaniambia hizi ni bora kuliko za kale?"

"Ni mimi."

"Nina mtoto mchanga, hulala chini ya tuta hili kila usiku!"

"Najua, Tazaki. Nilikuja arobaini yake na samaki."

Mtu nyuma akatukana, tusi ambalo sitaliandika. Kai akaingia katikati, maji yakichuruzika kofiani.

"Kesho tutagombana. Kesho, nyote, na mimi nitakuwa wa kwanza, na nitagombana vizuri. Sasa hivi, Dada Sumie, niambie cha kufanya."

Na hapo, sijui nieleze vipi, ule mfupa wa miaka kumi na mitano ukamtoka kooni, na Sumie akawa fundi tena. Alihisi wepesi wa ajabu, karibu acheke.

"Nataka za mabua. Ishirini na mbili, hapo tu palipotitia, kwingine kuko juu, kutahimili. Za zoezi ni saba. Yangu ninayokalia dukani ya nane. Zimebaki kumi na nne."

"Hekaluni?"

"Hekaluni niliwabadilishia mwaka juzi."

"Loo, Dada!"

"Ndiyo, ndiyo. Mwalimu Kurogi! Ana chumba cha tatami nane na cha sita. Twende!"

Walikimbia, vijana wa kikosi kumi na wawili na Sumie mbele. Mwalimu alikuwa amekataa kupandishwa shuleni. Walimkuta sebuleni na kikombe chake cha chai, redio masikioni. Alimtazama Sumie mlangoni, kisha mikono yake, kama anatafuta kitabu cha sampuli.

"Mtoto wa Eikichi! Hata leo? Mto unapanda na wewe unaniuzia?"

"Siuzi, Mwalimu. Nazitaka zako. Zote. Tukazibie tuta."

Mzee alizima redio. Akatazama sakafu yake, ya kahawia kwa miaka hamsini, iliyong'arishwa kwa soksi.

"Ahaa," akasema. "Zile zako haziwezi, siyo?"

"Haziwezi."

"Nilikwambia."

"Hukuniambia! Ulisema tu hutaki!"

"Basi ndiyo nilikuwa nakwambia. Chukueni."

Lakini hakuna aliyesogea. Sumie aligeuka. Vijana kumi na wawili wa kikosi, mto ukinguruma nyuma yao, walikuwa wameinama kizingitini wanafungua kamba za buti. Walizipanga jozi jozi, pua zikielekea nje, kama mama zao walivyowafundisha.

"Mnafanya nini?"

"Viatu, Dada."

"Ingieni navyo!"

Walitazamana. Mmoja aliinua mguu, akauweka chini tena. Hawakuweza. Nawaambia kweli, wangeweza kuingia motoni, lakini kukanyaga tatami kwa buti, na nyumba ya Mwalimu, hapana. Sumie naye alisimama pale pale na buti zake za matope, na mbele yake kazi ya baba yake, mshono aliouhesabu akiwa msichana. Aliuma meno. Akapanda. Matope yakabaki nyuma yake, hatua moja, mbili, tatu, mpaka katikati ya chumba, na ilimuuma kama anamkanyaga mzee wake tumboni.

"Haya!" akapiga kelele. "Nimeshachafua! Njooni!"

Ndipo wakaingia kwa kishindo. Sumie alipiga ndoano pembeni, tatami ya kwanza ikanyanyuka na wingu la vumbi la nusu karne. Chini yake kulikuwa na magazeti ya kale yaliyotandikwa kuzuia unyevu, na Mwalimu akainama kuyasoma.

"Mwalimu, siyo sasa!"

"Subiri, hapa kuna habari ya daraja."

Wawili wawili walibeba, wakipiga kelele za kupokezana, hadi kijilori cha tambi, tano tano, mara tatu kwenda na kurudi. Safari ya mwisho Mwalimu alipanda juu ya mzigo na mwavuli wake, na hakuna aliyekuwa na muda wa kumshusha.

Tutani maji yalikuwa yamefika. Yalilamba ukingo ule uliotitia na kupenya chini ya magunia. Na upande wa nyumba, chini ya mteremko, chemchemi ilikuwa imetoboka, inatoa maji ya udongo, mto ulikuwa umeipata njia ya ufa. Kai aliwapigia kelele vijana wasiizibe. Chemchemi ya tuta ukiiziba hutafuta pengine. Waliizungushia magunia kwa duara, maji yakajaa ndani ya duara, yakatulia yenyewe kwa uzito wake na kuacha kuleta udongo.

Juu, Sumie alikuwa amepiga magoti kwenye turubai na kisu chake kipana na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Eikichi alizoea kusema hakuna chumba chenye pembe sawa duniani, fundi hupima kasoro, kisha huikatia mkeka wake. Sasa tetemeko lilikuwa limempangia vyumba ishirini na viwili vilivyopinda.

"Nafasi ya kwanza! Chini pungufu vidole viwili, juu sawa!" Kisu kikapita mshazari, mabua yakalia. "Bebeni! Ya pili! Hii kata pembe! Ya tatu juu pana, jazeni mabua ya vipande, shindilieni kwa kisigino!"

Aliimba vipimo, vijana wakaitikia. Tatami ya nne, ya sita, ya tisa. Zile za kwanza zilishaanza kunywa maji na kuvimba, zikabana nguzo zilizolegea mpaka zikaacha kutikisika, na watu wakaona, wakapiga yowe la furaha. Wale wale wa mstari sasa walikuwa wamepanga mnyororo wa mikono wa kupitisha magunia. Hata mume wa Tazaki. Sumie alikuwa na miaka sitini na mitatu na alikata kama wa ishirini, na moyoni alisikia kitu ambacho hata siku ya harusi yake hakukisikia. Kumi na nne. Kumi na saba. Ardhi ikatetemeka kidogo, yale mabaki ya Aprili, watu wote wakaganda, tuta nalo likajifikiria, likabaki.

Ya ishirini na moja, alikata upande usio wake.

Alilijua kosa kisu kikiwa bado ndani. Alisoma mstari sahihi, akageuza tatami, akakata kushoto badala ya kulia, kosa la mwanafunzi wa mwezi mmoja. Kipande kikaanguka. Kwa ile nafasi haikutosha tena.

"Iko ya ishirini na mbili," akasema Kai upesi. "Kata hiyo."

Akaikata, ikaingia. Ile iliyoharibika waliigeuzageuza, haikukaa popote, ikaishia kukatwa vipande vya kujazia mapengo. Na hesabu ni hesabu, Mwalimu alikuwepo kushuhudia: ilibaki nafasi moja wazi, ya katikati kabisa maana walianzia kingo zote mbili, pale tuta lilipotitia zaidi kuliko kwingine. Maji yalishaanza kupita hapo, karatasi nyembamba ya maji, inashuka mteremko kuelekea paa la kwanza. Na maji yakianza kushuka juu ya tuta hulila kuanzia nyuma, kila mtu pale alilijua hilo.

"Magunia!"

"Yameisha! Lori limekwama darajani!"

Sumie alitazama huku na huku. Nyasini, zilipotupwa, zilikuwa zimelala tatami za sponji, nyepesi, safi, nzuri. Akaikamata moja. Ikapinduka mvuani, na upande wa chini muhuri wa duka ulionekana, mwekundu: Hidaka. Akaichomeka kwenye nafasi. Ilicheza. Mto ukaisukuma, ikataka kuruka nje ya mfereji. Akaziba pengo la pembeni kwa mabua, akageuka, akaegemeza mgongo wake, akakita visigino kwenye udongo.

"Dada Sumie, huwezi!" Kai alimkimbilia. "Ondoka hapo, hilo likikatika—"

"Hii ni yangu. Nimeiuza mimi. Nitaishika mimi."

Mto ulimsukuma mgongoni. Hakuwahi kuusikia hivyo, karibu hivyo, unapumua upande wa pili wa sponji ya vidole vitatu. Maji yalimpita kiunoni na kumjaa butini. Sponji ilikunjika, akaikunjua kwa mabega. Ikataka kupanda juu, akaikalia kwa uzito wake wote, ambao si mwingi. Alihofu. Alihofu hasa, midomo ikihesabu mishono isiyokuwepo.

Kisha bega likagusa bega lake la kushoto. Ni Tazaki, koti limechanika, uso haumtazami.

"Bado nimekukasirikia," akasema Tazaki.

"Haki yako."

"Sukuma, basi."

Kai akaegemea kulia. Waliobaki wakaegemea wale walioegemea, mabega na migongo, safu ya watu waliolala kinyume cha mto, hata mchumba wa mtu na mama mkwe wa mtu. Saa sita ikapita. Saa saba. Mtu alipitisha matonge ya wali, wakalishana vinywani maana mikono ilikuwa na kazi. Saa nane na robo kijana aliyekuwa kwenye kipimo cha maji akapiga kelele, sauti ikimkatika:

"Kidole! Umeshuka kidole kimoja!"

Hakuna aliyeshangilia, waliogopa kuuamsha. Walingoja kidole cha pili. Kilipofika, tuta zima likalipuka kwa yowe, Kai akalia waziwazi na kupenga kamasi kwenye mkono wa koti, na lori la magunia, kama kawaida ya malori, likatokea. Vijana wakaanza kupanga magunia nyuma ya nafasi ya katikati, wakimzunguka Sumie.

"Dada, unaweza kutoka sasa," akasema Kai. "Limeshikwa."

Sumie hakutoka. Tazaki alishaondoka kwenda kumwona mtoto wake. Mmoja mmoja watu walikuwa wananyanyuka, wakijinyoosha migongo. Yeye alibaki, mgongo kwenye muhuri wa jina lake, machozi na mvua vikimshuka pamoja. Aliona kwamba akinyanyuka itakuwa kesho, ile kesho waliyoahidiana, ya kugombana.

Mwavuli ukasogea juu ya kichwa chake. Mwalimu Kurogi, mwenye vyumba viwili vya mbao tupu, alijishusha taratibu mpaka chini, mifupa ikilia, akaketi matopeni kando yake na kuegemeza mgongo kwenye sponji. Aliipapasa kwa nyuma, akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Miaka thelathini nimezikataa tatami zako," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na leo nimeketi nimeiegemea moja." Akatafakari, akijaribu mgongo huku na huku. "Mbovu. Mbovu kabisa. Sogea kidogo, mtoto wa Eikichi, unanibana."

Sumie akasogea.